Nyumba Arobaini na Saba Karibu na Lori la Siyad

Jumatatu, 1 Septemba

Mgongo umekwisha kabisa. Leo nimesukuma tangi la maji la lita elfu moja kutoka dukani hadi mtaa wa Bulla Pesa, nikazunguka nalo kwa saa tatu juu ya mkokoteni, kisha nikarudi nalo. Upepo wa huku ukiona tangi tupu unataka kulipeleka Garissa. Mara mbili limenitoroka. Mara ya pili lilisimamishwa na punda.

Anwani niliyopewa ilisema hivi: Mohamedamin, Bulla Pesa, geti la bluu, uliza. Nikauliza. Mageti yote ya Bulla Pesa ni ya bluu! Kuna mtu alileta rangi ya bluu ya bei ya chini, kila mwenye ploti akanunua, basi. Nimekutana na akina Mohamedamin wanne. Wa tatu alilitazama tangi, akamshukuru Mungu, akasema ni lake. Nilikuwa nishaanza kulegeza kamba. Mke wake ndiye aliyeniokoa. Alimwuliza mumewe kwa sauti kubwa amelinunua kwa pesa gani.

Hajia Naimo, mwenye duka, alikuwa amesimama mlangoni niliporudi. Alinitazama mimi, akalitazama tangi, akasema wallahi tangi hili sasa linaujua mji kuliko mimi. Wiki jana godoro la mteja anayeitwa Alice lililaliwa siku mbili na watu ambao hawakulinunua. Lilirudi na alama. Hajia amechoka. Anasema duka halifi kwa kukosa wateja, linakufa kwa kutojua wateja wanakaa wapi.

Sasa nasikiliza vizuri! Karani wa mizigo ameolewa, amehamia Marsabit. Kiti chake ni kitupu. Kiti cha kuzunguka, chenye mto, chini ya feni. Hajia anasema atampa mmoja wetu, mimi au Erot, yule atakayesahihisha anwani za wateja mia moja na ishirini walio katika daftari jeusi la duka. Jumamosi ya tarehe 13 atafungua daftari na kutuchagulia majina, matano kwa kila mtu. Kila jina mtungi mmoja wa gesi. Hakuna kumpigia mteja simu njiani. Atakayefikisha mingi anakaa kitini. Atakayeshindwa anabaki na mkokoteni.

Nina miaka arobaini na sita. Nimetoka Butere, nina miaka tisa hapa Isiolo, na kila mzigo wa miaka hiyo tisa bado uko mgongoni mwangu. Kiti hicho ni changu.

Erot ndiye mwenzangu wa mkokoteni. Mturkana, mrefu, hana haraka na jambo lolote. Anajua kila mtu mjini. Hiyo si akili. Hiyo ni kuzaliwa hapa. Mimi nilifika darasa la saba, na la saba la wakati ule si la saba la siku hizi.

Jumanne, 2 Septemba

Mpango umekuja nikiwa nanawa uso. Simu! Kwa nini miguu iende mahali ambapo sauti inaweza kwenda? Nilimwomba Hajia simu ya duka na salio. Nikakaa juu ya gunia la mchele, miguu nimeinyoosha, daftari magotini. Tayari najiona karani.

Mteja wa kwanza, Gacheri, anauza nyanya na ndizi sokoni. Nilimsalimu kwa heshima, nikamwambia nataka kujua anakaa wapi hasa, geti gani, na saa ngapi huwa yuko nyumbani. Alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza niko gereza gani, na kama wanatupatia nyama siku hizi. Nikamwambia mimi ni Isaac wa kwa Hajia, yule wa mkokoteni. Akasema hata jana alipigiwa na tapeli mwingine wa jela aliyesema ni wa benki. Akawaita wenzake wa sokoni waje wasikie. Niliwasikia wakicheka kama watu kumi. Mmoja akapaza sauti: “Kijana ya jela, salimia wenzako!” Nina miaka arobaini na sita.

Wa pili alikata. Wa tatu alikata. Wa nne alinipa anwani ya shemeji yake, hofu yake ikiwa kwamba nataka kumwibia. Afadhali aibiwe shemeji.

Basi nikabadilisha mbinu. Badala ya kuuliza, nikaanza kuwasomea. Nasema hivi: Mama, unakaa nyuma ya shule, geti la bluu, ndiyo au siyo? Anasema ndiyo. Naweka alama. Wa pili ndiyo. Wa tatu ndiyo. Watu sitini na nane, wote ndiyo! Mmoja nilimsomea anwani ya mtu mwingine kwa makosa, akasema ndiyo, hapo hapo, hata usiulize. Nikaweka alama. Mwenyewe ndiye anajua anapokaa.

Nilimwonyesha Erot daftari. Aliuliza ni wangapi waliosema siyo. Nikamwambia hakuna, ndiyo uzuri wake. Erot alikuna kichwa, akaenda kupakia saruji. Wivu.

Jumatano, 3 Septemba

Nimemfuata Erot ili nijue anafanya nini. Ni jambo la kuhuzunisha. Akipeleka mzigo, akishaushusha, badala ya kuondoka anasimama mlangoni na daftari dogo la shule. Anamwuliza mtu maswali matatu. Majirani wanakuitaje? Usipokuwepo nani atakupokelea mzigo? Huyo naye anakaa wapi? Halafu, bila aibu, anavuka kwenda kwa huyo jirani na kumwuliza kama anamjua yule wa kwanza! Mtu amekwishajitaja mwenyewe, wewe unakwenda kumwuliza jirani! Kwetu watu wamepigana kwa ajili ya jambo dogo kuliko hilo.

Kisha anaandika. Ulimi nje. Herufi moja moja. Leo amemaliza wateja kumi na wawili tu. Mimi jana nilimaliza sitini na nane kabla ya chai.

Alinieleza, akitembea, kwamba jina la kitambulisho halisaidii. Yule aliyeandikwa Mohamedamin wa tangi, mtaani hakuna anayemjua kwa jina hilo. Anaitwa Baba Ikra, na leo asubuhi tangi lake limefika kwa dakika ishirini. Nikamwambia bahati. Akasema, “Sawa, ndugu yangu, bahati,” akacheka kile kicheko chake cha polepole.

Alhamisi, 4 Septemba

Mpango mpya, wa kisasa. Ramani ya simu! Mteja akibonyeza mara moja, mahali alipo panaonekana kwenye simu ya duka, na alama nyekundu juu yake. Mashine haidanganyi kama yule wa shemeji. Niliwatumia wateja wote ujumbe: Tafadhali tuma mahali ulipo, ni Duka la Hajia Naimo. Nikaandika saa tano asubuhi, nikasubiri juu ya gunia langu.

Majibu yalimiminika. Furaha yangu haikuwa na mpaka hadi nilipoanza kuyaandika daftarini.

Wateja kumi na mmoja wanaishi katika soko la mifugo. Leo ni siku ya mnada. Watatu wanaishi benki, kwenye foleni. Wawili wanaishi katikati ya uwanja wa ndege, ingawa mmoja wao baadaye alisema alikuwa nje ya ua akitafuta mbuzi. Mmoja anaishi barabarani, na kila nikitazama amesogea, sasa anakaribia Archers Post. Huyo ni dereva. Gacheri alinitumia kituo cha polisi. Nilimpigia kumwuliza. Akasema hapo ndipo anapotaka tukutane.

Hajia aliuliza kama kazi inaendelea. Nikasema vizuri sana. Nikaandika wale kumi na mmoja sokoni. Kama wako hapo kila mnada, basi ni nusu ya makazi.

Jumapili, 7 Septemba

Siku ya mapumziko, lakini nimepata kibarua kizuri. Siyad, yule tajiri wa usafirishaji, ameuza lori lake bovu kwa watu wa chuma chakavu. Lori hilo limesimama Bulla Pesa tangu kabla sijafika mji huu. Halina injini, halina vioo, halina matairi isipokuwa moja ambalo halina upepo. Kuku hutaga ndani ya kabini. Akina mama huanika nguo kwenye vyuma vyake. Wazee hukaa upande wa kivuli asubuhi, na kuhamia upande wa pili alasiri.

Kazi yangu ilikuwa kubeba vipande fundi akivikata. Siku nzima. Malipo mazuri, na Siyad akaongeza soda. Nilifanya kazi kwa bidii, nasema kweli, kuliko nifanyavyo dukani.

Watu walikuja kutazama. Hawakuwa na kelele. Walisimama kama kwenye mazishi. Bibi mmoja aliniuliza mwanawe aliye Qatar akirudi atamwelekezaje njia ya nyumbani. Nikamwambia, “Mama, mwanao atauliza.” Akasema atauliza lori.

Erot alipita akitoka kanisani. Alisimama, akatazama kabini ikishushwa, akaniuliza kama nimefikiria vizuri. Nikamwuliza, je, yeye ndiye fundi wa malori? Akaniambia, “Mzee, kesho soma daftari.” Akaenda zake. Hata Jumapili hanipi amani!

Kufikia saa kumi na moja hapakubaki kitu. Mahali palionekana pakubwa. Nimeridhika. Nimeusafisha mtaa.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimesoma daftari.

Karibu na lori la Siyad. Nyuma ya lori la Siyad. Mkabala na lori. Lori, kulia, geti la bluu. Ukiwa umeligeuzia lori mgongo, hesabu tatu. Upande wa lile tairi moja. Upande usio na tairi. Shuka kwenye lori, uliza. Nimehesabu mara mbili, mara ya pili kwa kidole. Wateja arobaini na saba kati ya mia moja na ishirini!

Arobaini na saba! Na mimi mwenyewe ndiye niliyewabeba, kipande kwa kipande, hadi kwenye gari la chuma chakavu. Kwa soda.

Nimerudi kukaa juu ya gunia. Hajia aliniuliza kama naumwa. Nikasema mgongo. Kwa mara ya kwanza haikuwa kweli.

Zimebaki siku tano. Nimeona mkokoteni ule pale nje, mpini wake umening’inia kama ulimi wa ng’ombe mwenye kiu, unanisubiri mimi. Nimewaza kwamba nitakuwa na miaka hamsini, hamsini na tano, bado nasukuma matangi ya watu dhidi ya upepo. Mke wangu Butere ananiuliza kila mwezi nitapata lini kazi ya kukaa. Nilikwishamwambia tayari nimeipata. Nilimwambia Jumanne ile, nikiwa na zile ndiyo sitini na nane.

Lazima kuna njia.

Jumanne, 9 Septemba

Kuna njia! Kwa nini nyumba itafutwe kwa lori la mtu mwingine? Kila nyumba iwe na namba yake mwenyewe! Kule Nairobi mitaa ya matajiri ina namba. Hapa hakuna kwa sababu hakuna aliyejitolea.

Stoo ya duka ina makopo manne ya rangi nyekundu ambayo haijanunuliwa na mtu, kwa kuwa mtaa mzima uliingia bluu. Nilichukua makopo mawili na brashi. Sikumwuliza Hajia, nataka imshtue vizuri. Nilianza alfajiri, watu wengi wakiwa msikitini. Geti la kwanza, namba 1. Inaonekana kutoka mbali, nyekundu juu ya bluu, kama bendera. Nilipomaliza safu ile niliendelea na ile ya nyuma. Walipokuwepo watu niliandika namba tupu. Pasipokuwa na mtu niliongeza alama ya X, ili nikumbuke kurudi.

Namba sitini na tatu! Hapakuwa na mtu wa kunisumbua. Mzee mmoja tu aliuliza natoka ofisi gani. Nilimjibu kwa upole kwamba mambo yote yatajulikana siku chache zijazo.

Viatu vimeingia rangi. Si kitu.

Jumatano, 10 Septemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilikuwa nimesahau X nyekundu ni nini katika nchi hii. Kila mtu anajua. Hata mimi najua. Wakitaka kupitisha barabara, wanakuja na rangi nyekundu, wanaandika X, na baadaye kidogo linakuja tingatinga.

Saa moja asubuhi Bulla Pesa ilikuwa imesimama. Wapangaji walikuwa nje na magodoro. Mwenye ploti mmoja alikuwa juu ya paa akitoa mabati yake mwenyewe, ili asiyapoteze. Gacheri alikuwa amefunga kabati lake kwa kamba na kukaa juu yake, akiapa kwamba tingatinga litampitia yeye kwanza. Watu walitaja barabara, wengine bomba la mafuta, wengine reli. Yule mzee wa jana alikuwa anawaeleza wote kwamba alizungumza na afisa mwenyewe. Alisema ni mtu mnene mwenye majivuno. Mimi si mnene.

Hiyo ilikuwa asubuhi. Mchana mtu mmoja alisema neno moja: fidia. Kwamba nyumba yenye namba italipwa.

Lo! Magodoro yalirudi ndani. Waliokuwa wakifuta namba waliacha. Wasio na namba walianza kulia kwamba wamebaguliwa, kwamba aliyeandika alipewa kitu kidogo. Kisha wakanunua rangi. Kwa nani? Kwa Hajia! Makopo mawili yaliyobaki yaliisha kwa nusu saa, na watu bado walipanga foleni. Kila mmoja alijiandikia. Nilipita pale jioni nikiwa nimejifunika kofia. Namba 14 ziko tisa. Kuna choo chenye namba. Kuna ua wa mbuzi namba 2, 2A na 2B. Kuna kijumba cha matofali ambacho asubuhi hakikuwepo. Nacho kina namba.

Alhamisi, 11 Septemba

Hajia hakuuliza ni nani. Aliingia stoo, akahesabu makopo. Alitoka, akanitazama viatu. Akakitazama kile kiti, feni ikizunguka juu yake.

Kisha akasema kwamba chifu amempigia simu. Akasema kwamba miaka thelathini familia yao imefanya biashara mji huu na haijawahi kumtoa mtu kwenye paa lake. Nilisema nilitaka kusaidia. Akasema, “Isaac, wewe mtu wa Butere, wallahi, ukitaka kunisaidia tena, niambie mapema nihame.” Akanipa petroli na matambara.

Siku nzima nimefuta. Watu waliokuwa na namba walinifukuza, wakisema nawafutia fidia. Bibi mmoja alinipiga na mwiko. Erot alikuja baada ya kumaliza mizigo yake, akachukua tambara bila kuambiwa, akasugua upande wa pili wa barabara. Kila geti alilofuta aliongea na mwenyewe, kisha akatoa lile daftari lake la shule. Hata akifuta anaandika!

Nilimwuliza Hajia kama mtihani bado uko. Akasema alishatoa neno mbele ya watu wawili na hatalirudisha. Tumaini bado lipo, basi.

Ijumaa, 12 Septemba

Adhuhuri. Duka limefungwa kwa ajili ya sala. Hajia yuko msikitini, Erot amelala chini ya mkokoteni, daftari lake juu ya magunia. Si wizi. Mtu haibi maneno, anayasoma tu.

Wote mia moja na ishirini wamo! Amewamaliza, kumi na wawili kumi na wawili, mjinga yule. Nilichukua karatasi na kunakili haraka. Anaandika mambo mengi mno. Kwa mfano: Alice, wa godoro. Wanamwita Mama Ewesit. Alihama Agosti, sasa mtaa wa Kiwanjani, nyumba ya nyuma ya kanisa la mabati. Asipokuwepo mpe fundi viatu wa kona. Geti la mbele lina mbwa, pitia nyuma.

Nani ana nafasi ya kuandika yote hayo? Nilifupisha. Niliandika: Alice, Kiwanjani, geti la mbele.

Mia moja na ishirini kwa muda wa sala moja. Erot, siku kumi. Niambieni sasa nani anafaa kiti.

Jumamosi, 13 Septemba

Hajia alifungua daftari jeusi mbele yetu, akafumba macho na kuweka kidole. Mitungi kumi. Mitano mkokoteni wangu, mitano wa Erot. Tukaondoka saa mbili.

Wa kwanza, nilifikisha. Wa pili, nilifikisha. Nilikuwa naimba.

Wa tatu alikuwa Alice. Nilisukuma hadi Kiwanjani, nikapiga hodi geti la mbele, nikaingia. Sitaki kueleza mbwa yule. Nilimaliza saa nzima nimesimama juu ya mitungi yangu katikati ya ua, kama mtu anayetaka kuhutubia. Wapita njia walisimama kwenye ukuta. Mmoja aliniambia niimbe, mbwa huyo anapenda nyimbo. Niliimba. Hapendi. Hatimaye fundi viatu alikuja kutoka kwenye kona, akamwita mbwa kwa jina lake, akapokea mtungi na kuniuliza kwa nini sikupitia nyuma kama watu wote.

Wa nne, karatasi yangu ilisema “uliza mama”. Mama yupi? Nilikuwa nimefupisha. Nilifika kwa mama watatu, wa tatu akiwa yule wa mwiko. Alinikumbuka. Wa tano, mwandiko wangu ulishindwa kusomeka hata na mimi.

Mitungi mitatu. Erot, mitano. Alikuwa amerudi zamani, amekunywa chai, amelala kidogo.

Hajia alimpa kiti. Erot alikalia ukingo tu, magoti yakimfika kidevuni, akaomba feni izimwe kwa sababu inampa mafua. Mafua! Niligeuka nikatazama nje.

Mkokoteni ulikuwa pale. Niliushika mpini. Niliupangusa vumbi kwa shati langu, naandika ukweli, hakuna atakayesoma.

Hajia akaniita. Alisema kuna daftari lingine, la zamani, la wateja mia mbili wa Bulla Pesa wanaonunua mara moja au mbili kwa mwaka. Watu wanahama, wanaolewa, wanakufa. Anataka mtu apite kila mlango na kuhakikisha, wiki mbili, bila mkokoteni. Erot ndiye aliyesema nipewe mimi. Alisema nimeujua mtaa sasa, na mtaa umenijua. Akaniomba jambo moja tu: nisimsomee mtu anwani, nimwache aitaje mwenyewe, kisha nimwulize jirani.

Nitavaa kadi shingoni. Mkaguzi wa Anwani! Nimempigia mke wangu. Amefurahi, ingawa alidhani nilikuwa karani tangu wiki jana.

Jumatatu, 15 Septemba

Siku ya kwanza ya ukaguzi. Kazi nzuri sana!

Nilianza saa mbili. Nyumba ya kwanza niliuliza vizuri kama nilivyoelekezwa. Nikamwuliza na jirani. Jirani alinipeleka kwa jirani mwingine. Nusu saa, mteja mmoja. Jua likaanza kuuma. Nikajiuliza, je, mkaguzi ni miguu au ni kichwa?

Sasa niko kwa Florence, mama mmoja mwenye kibanda cha chai pale palipokuwa na lori. Ameweka viti vya plastiki, na kuna kivuli. Kutoka hapa unaona mageti yote, mbele na nyuma. Tatizo la daftari la zamani ni lile lile, kila mmoja ameandikwa karibu na lori. Nimeona dawa yake mara moja. Kinachotakiwa ni alama mpya ambayo kila mtu anaijua, na kila mtu anajua kibanda cha Florence! Karibu na kibanda cha Florence. Nyuma ya kibanda cha Florence. Mkabala na kibanda, geti la bluu. Sijainuka kitini na nimemaliza wateja themanini na sita. Bado saa sita haijafika!

Florence alinitazama nikiandika, akaniuliza ni nini. Nikamweleza. Alicheka, akasema basi ameingia kwenye vitabu. Akaongeza chai bila kuombwa. Akasema pia kwamba mwenye ploti amempa hadi Jumapili kuondoka, anahamia upande wa stendi, na anatafuta mtu mwenye nguvu wa kubeba mabati na meza.

Nimemwambia asitafute mbali. Jumapili niko huru, na anatoa malipo mazuri, pamoja na mandazi.